Meza Moja, Dini Nyingi: Familia Zinazosomesha Watoto Nyumbani Kilimani

Ni saa nne asubuhi, siku ya kazi. Barabara ya Argwings Kodhek, mtaani Kilimani, Nairobi, imeshatulia kidogo baada ya msongamano wa alfajiri. Magari ya shule yamepita zamani na watoto wenye sare wako darasani. Lakini ukiingia bustani ya miti ya Arboretum, mwendo mfupi tu kutoka jumba la maduka la Yaya, si ajabu kukuta watoto sita au saba wa umri tofauti chini ya mti mmoja. Huyu anasoma kibao chenye jina la kisayansi, yule ameuzungushia mti kamba apime unene wa shina, na kando yao mama mmoja ameukumbatia mfuko wa ndizi, maana kima wa pale hawana adabu. Wapita njia huuliza: kwani leo ni likizo?

Si likizo. Hao wako masomoni. Ni watoto wanaosomeshwa nyumbani, na asubuhi kama hiyo huwa wazazi wao wameamua kukutana, mmoja afundishe hesabu, mwingine amtazame mtoto wa mwenzake, na wote wajue kwamba hawako peke yao.

Bustani yenyewe ni mwalimu. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907, wakati treni za reli ya Uganda zilipokuwa zikila kuni, na miti ililetwa hapo kutoka pande nyingi za dunia ijaribiwe, ionekane ipi inakua haraka. Leo hekta zake 30 hivi zina mamia ya aina za miti. Mtoto anayeuliza kwa nini mkaratusi wa Australia unasimama katikati ya Nairobi anapata jiografia, historia ya ukoloni na somo la nishati kwa swali moja.

Ila mazungumzo ya leo hayahusu miti. Yanahusu wale watu wazima waliosimama kando: namna wanavyoliendesha kundi lao hata Muislamu, Msabato, Mhindu, Mkatoliki na asiye na dini wakaweza kuketi kwenye mkeka mmoja bila yeyote kujihisi mgeni. Hilo ni jambo gumu kuliko linavyoonekana, na linafaa kuzungumzwa waziwazi, kwa sababu likifanywa vibaya anayeumia ni mtoto.

Kwanza, kwa nini familia hizi zipo? Wengi walionja elimu ya nyumbani bila kuitafuta. Tarehe 15 Machi 2020, serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa ajili ya korona. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Waliobaki walisubiri hadi Januari 2021. Kwa miezi hiyo yote, katika fleti za Kilimani kama kwingineko, meza ya kulia iligeuka dawati. Shule zilipofunguliwa, wazazi wengi walishusha pumzi. Wachache walitazamana wakasema: mbona huyu wetu alikuwa akisoma vizuri zaidi hapa?

Wako pia waliofika huko kwa njia nyingine. Kuna mtoto mwenye usonji ambaye kelele za darasa la watoto 50 humfanya azibe masikio na kulia. Kuna mwenye disleksia aliyeitwa mvivu hadi akaanza kuamini. Kuna wa mzazi anayehamishwa na kazi kila baada ya miaka miwili, leo Nairobi, kesho Kampala. Na wako wanaosomesha nyumbani kwa sababu ya imani: wanataka Neno la Mungu liwe msingi wa kila somo.

Hawa wa mwisho wamejipanga katika nchi nyingi, na Kenya nayo ina wengi. Mfumo wa masomo wa Kikristo wa ACE, ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970, una vijitabu ambavyo mtoto hufuata kwa kasi yake mwenyewe, na mafundisho ya Biblia yamefumwa ndani ya hesabu, sayansi na lugha. Umesaidia familia nyingi kuanza pale ambapo hazikujua pa kushika. Wenye imani hiyo wana haki ya kukusanyika kwa jina la imani yao, na hakuna wa kuwalaumu.

Tabu huanza pale ambapo kundi la namna hiyo ndilo pekee mtaani. Fikiria jengo moja la ghorofa 12 pale Kindaruma. Ghorofa ya pili anaishi Mama Halima, ya tano familia ya Kigujarati, ya saba Waeritrea wa Kanisa la Orthodox, ya tisa Mluo Msabato, na juu kabisa baba ambaye hajaingia nyumba ya ibada tangu utotoni. Wote wanasomesha nyumbani. Wakialikwa mkutano unaofunguliwa kwa ushuhuda wa wokovu na kufungwa kwa maombi ya kuwekeana mikono, Mama Halima atakaa kimya kwa heshima, atakunywa chai yake, atashukuru. Wiki inayofuata haji. Hakuna aliyemfukuza. Na binti yake atakuwa amepoteza rafiki wa pekee wa rika lake katika jengo lile.

Ndiyo sababu ya kuwa na kundi lisiloegemea dini. Neno hilo huwashtua wengine, wakadhani ni kundi la kupinga dini. Sivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 8, inasema nchi haina dini ya taifa, na hakuna anayesema kwa hiyo Kenya ni nchi ya makafiri. Kifungu cha 32 cha katiba hiyohiyo kinalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Kundi linalofuata mwenendo huo huiacha dini mikononi mwa kila nyumba, halafu hukutana kwa yale ambayo kila nyumba inayahitaji.

Kenya inajua kwa uchungu yanayotokea elimu ikifungwa na dini moja. Mwaka 1929, wamishenari katika nchi ya Wakikuyu walipowataka waumini waikane tohara ya wasichana, familia nyingi ziliondoka misheni, na watoto wao wakapoteza nafasi shuleni kwa sababu shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Tohara ile ilikuwa na madhara, na leo sheria inaikataza. Lakini mtoto wa kiume aliyekuwa akijifunza kusoma naye alijikuta nje. Wazazi walichanga, wakajenga shule zao huru, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Shule hizo nazo hazikuwa bila dini. Zilikuwa na makanisa yao huru pembeni. Serikali ya kikoloni ilizifunga katika hali ya hatari iliyotangazwa 1952. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1968 iliuweka usimamizi wa shule za umma chini ya serikali, na makanisa yakabaki wafadhili.

Swali la dini na shule lakini halikuisha. Januari 2019, msichana wa Kidato cha Kwanza katika shule moja ya umma huko Kibra, ng'ambo tu ya Ngong Road, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake za Kirastafari. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliamua kwamba Rastafari ni imani kama nyingine na kwamba asizuiwe kusoma. Mtoto mmoja, nywele zake, na miezi mizima ya mahakama. Kundi la wazazi halina jaji wa kulikimbilia. Lazima lijiwekee kanuni mapema.

Kanuni hizo huanzia kwenye kalenda. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Jumamosi Msabato haendi popote isipokuwa kanisani. Jumapili ni ya Wakristo wengine. Kundi linalochagua Jumamosi asubuhi kwa sababu "kila mtu ana nafasi" limeshawafungia watu mlango kabla ya neno la kwanza kusemwa. Jumanne au Jumatano huwafaa wote. Ramadhani ikifika, mchezo wa kukimbia husogezwa asubuhi na mapema, na chakula cha pamoja husubiri Idi. Kwenye mkeka huwekwa matunda, mahindi ya kuchemsha, viazi, maharagwe, vitu ambavyo Mhindu asiyekula nyama na Muislamu anayeangalia halali wote hula bila kuuliza maswali. Mambo madogo haya ndiyo humwambia mtu kama alikumbukwa au la.

Halafu pesa. Kilimani ina sifa ya utajiri, lakini mzazi wa Kawangware yuko matatu moja tu kutoka hapo, na yeye pia anaweza kuwa na mtoto mwenye usonji aliyekosa shule. Wakikutana kwenye mgahawa wa jumba la maduka, bei ya kikombe cha kahawa humchuja huyo kabla imani haijatajwa. Bustani, ukumbi wa mtaa na Maktaba ya Kitaifa katika eneo la Community hufaa zaidi.

Hapa Wakenya hawahitaji kufundishwa na mtu kutoka ng'ambo, kwa sababu wanajua chama. Kila mtaa una chama cha akina mama kilichodumu miaka 20 kwa daftari, zamu na faini ya kuchelewa. Kundi la elimu hustawi kwa mpango huohuo: mwenyekiti anayebadilika kila mwaka, katibu anayeandika kumbukumbu, mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya wote. Mchango uingie akaunti ya kundi, usiingie M-Pesa ya mtu mmoja hata awe mwaminifu vipi. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inaruhusu watu wasiopungua 10 kujisajili kupitia idara ya huduma za jamii, wakiwa na katiba yao. Katiba hiyo ndiyo mahali pa kuandika kwa Kiswahili chepesi: mikutano haifunguliwi kwa ibada ya dini yoyote, hakuna anayehubiri kwa mtoto wa mwenzake, hakuna anayemcheka mtu kwa imani yake au kwa kukosa imani.

Kuandika ni rahisi. Siku ya majaribio ni siku ya kwenda makumbusho.

Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi yana chumba chenye kito cha dunia nzima: mifupa ya Mvulana wa Turkana. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kutambua mfupa kwenye changarawe, alikiona kipande cha kwanza Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mwaka 1984. Mvulana huyo aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Watoto hubandika pua kwenye kioo na kuona yale ambayo watu wazima huyapita: nyayo hazipo, viganja karibu vyote havipo, lakini meno yapo, na kwa meno hayo wataalamu hukadiria umri wake. Mtoto wa miaka tisa akisikia kwamba huenda huyu alikuwa rika lake, hunyamaza kidogo, kisha huuliza alikufa kwa nini.

Mwaka 2006, makumbusho hayo yakiwa katika ukarabati, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga mifupa hiyo ionyeshwe kama ushahidi kwamba binadamu alitokana na viumbe wa kale. Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale ya binadamu, alisimama kidete kuitetea. Makumbusho yalifunguliwa upya 2008, na mvulana yumo.

Kundi lifanye nini basi? Kukwepa chumba hicho ni kuwanyima watoto sehemu ya urithi wao wenyewe, uliochimbwa katika ardhi yao na mtu wa kwao. Kuingia bila kumwambia mtu ni kumvizia mzazi. Njia ya katikati ipo na inafanya kazi: katibu hutuma ujumbe wiki moja kabla, aeleze ni chumba gani na nini kitasemwa. Ndani ya jengo, maelezo ni ya sayansi, kama wanasayansi wanavyoyatoa, bila kupunguzwa. Mtoto akisema, "Lakini baba alisema Mungu alimuumba Adamu kwa udongo," hakuna mtu mzima wa kumjibu kwamba baba amekosea, wala wa kumwambia kwamba mifupa ni uongo. Anaambiwa: hilo ni swali zuri, ukamuulize baba jioni. Mzazi asiyetaka mtoto wake aingie hubaki naye kwenye bustani ya nyoka, na wakitoka wote hula pamoja. Sayansi haikuguswa, na baba hakuvunjiwa heshima.

Jambo la sheria nalo halifai kufichwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wazazi waliosomesha nyumbani walivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu mwaka 2019, na mwaka 2021 ombi lao likakataliwa. Afrika Kusini ilichukua mkondo tofauti: sheria yake ya shule ya 1996 ilikubali elimu ya nyumbani kwa masharti ya kusajili mtoto, na marekebisho ya 2024 yakayakaza masharti hayo. Familia za Kenya zinastahili mlango wa namna hiyo, wenye usajili na ukaguzi, ili mtoto alindwe na mzazi asiishi kwa kuchungulia dirishani.

Hadi hapo, kundi la kweli humwambia mgeni ukweli siku ya kwanza. Halimwahidi kinga lisiyokuwa nayo. Pia linajua mpaka wake. Wazazi wakianza kuajiri walimu, kukodi nyumba na kuwaacha watoto hapo Jumatatu hadi Ijumaa, wamefungua shule bila kibali, na sheria inakataza kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa. Kundi la kusaidiana hukutana mara moja au mbili kwa wiki, mzazi akiwepo, na jukumu la kusomesha hubaki kwake.

Mtihani ndio unaowakosesha wengi usingizi. Enzi za KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho 2023, karibu kila kitu kilikuwa mtihani mmoja wa mwisho. Katika mtaala wa umilisi, alama za kumaliza Gredi ya Tisa hukusanywa njiani: asilimia 20 kutoka mtihani wa KPSEA wa Gredi ya Sita, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane, na asilimia 60 kutoka KJSEA, mtihani wenyewe wa Gredi ya Tisa. Asiye na shule hana wa kumwandikia tathmini hizo. Ndiyo maana familia nyingi za nyumbani hukimbilia mitihani ya Cambridge, ambayo mtahiniwa wa binafsi anaweza kujisajilia Nairobi. Hapo kundi huwa na thamani ya dhahabu. Mzazi aliyepitia njia hiyo humwambia mwenzake mambo ambayo angeyagundua kwa machozi: kwamba ada hulipwa kwa kila somo, kwamba siku ya mwisho ya kujisajili huja miezi kadhaa kabla ya mtihani, na kwamba asiye na maabara anaweza kufanya karatasi mbadala ya vitendo katika fizikia, kemia na biolojia.

Halafu usalama wa watoto, ambao hauna mjadala. Mtu mzima yeyote anayetaka kufundisha kikundi, hata akiwa rafiki wa miaka mingi, alete cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Hakuna mtu mzima anayekaa faraghani na mtoto asiye wake. Picha za watoto hazirushwi mitandaoni bila idhini ya mzazi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Nambari 116, simu ya bure ya kuripoti mateso ya watoto, wafundishwe watoto wenyewe waikariri. Watu husema watoto wa nyumbani hufichwa wasionekane na mwalimu wala daktari. Kundi lenye macho mengi ni sehemu ya jibu, mradi macho hayo yawe tayari kuona na kinywa kiwe tayari kusema.

Na mtoto mwenye ulemavu asiwe wa kuhurumiwa tu. KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani iliyoanzishwa 1986, hupima watoto na kuwashauri wazazi, na karatasi ya tathmini husaidia kuliko maneno mengi ya faraja. Kundi likijua mapema kwamba mvulana fulani hatulii penye kelele, litapanga mchezo wa makelele uwe wa mwisho, na kumpa yeye kazi inayohitaji utulivu.

Kwa mfano, kushika kamba ya kupimia mti. Karibu na saa sita mchana, asubuhi kama ile ya Arboretum huwa inaishia hivyo. Takataka zinaokotwa. Sanduku la vitabu vya kubadilishana linapakiwa kwenye gari la familia ya Wood Avenue. Wiki ijayo litapanda matatu kwenda Kawangware. Kima wamepata ganda moja la ndizi, hawakupata ndizi. Na yule mwenye kamba anainyoosha kwenye rula, anasoma sentimita 220, anagawa kwa 3.14 polepole kwenye daftari lake, huku wenzake wanne wakimzunguka na kubishana kama jibu ni 70 kamili au kuna nukta inayobaki.